Siku Hemed Aliporudi Usukanini

Gelle alikuwa bado anauliza, "Lakini uko tayari kweli?" na Hemed ameshapanda, ameshafunga mlango, kidole kiko kwenye stata.

Lori lilikohoa, likakohoa tena, halafu likashika. Mtetemo wake ulipanda kutoka sakafuni, ukapita miguuni na magotini ukafika tumboni. Hemed alijikunja kidogo akingoja maumivu. Hayakuja. Alingoja tena. Wapi! Akaangua kicheko peke yake mle ndani, na Gelle, mwenye lori, akatikisa kichwa kama mtu aliyekabidhi mali yake kwa mwendawazimu.

"Gunia hata moja usiinue," Gelle alimwambia dirishani. "Watu wa shamba watapakia. Wewe kaa, kunywa chai, rudi. Ukiinua gunia mimi nitajua."

"Utajuaje, ukiwa Nakuru?"

"Nitajua tu. Mimi ni Msomali, nilihesabu mbavu za ngamia kabla sijahesabu za watu. Nenda na Mungu."

Ilikuwa miezi saba tangu Hemed aguse usukani. Kabla ya hapo alijulikana kutoka Nakuru mpaka Londiani kwa mambo mawili: hajawahi kutumbukiza lori mtaroni, na sinia la pilau la watu wanne alilimaliza peke yake. Kisha ikaja damu chooni. Akaificha mwezi, akaificha miwili, mpaka siku alipoanguka stesheni akiwa amebeba mzigo. Alipelekwa Nairobi kwa gari moshi. Daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba ana kansa ya utumbo mkubwa. Alimpasua, akaondoa palipoharibika, akaziba njia aliyozaliwa nayo na kumfungulia nyingine ubavuni, upande wa kushoto. Sasa chini ya koti lake, umeshikwa na mkanda mpana, ulikaa mfuko wa mpira. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na amejifunza upya kwenda choo kama mtoto.

Lakini hakuna aliyemwambia kwamba mtu akirudishwa kutoka mlango wa kaburi hurudi na zawadi. Wiki tatu tangu arudi Nakuru, kila kitu kidogo kilikuwa sikukuu kwake. Ndizi mbivu ya kwanza aliila kwa robo saa, macho yamefumbwa. Siku alipoweza kuoga wima, maji ya moto yakimteremka mgongoni, aliimba mpaka jirani akagonga ukuta. Kwenda kwa miguu mpaka msikitini Bondeni na kurudi bila kupumzika njiani, kwa hilo alimwandikia barua mjomba wake wa Pumwani, Nairobi. Na leo, Jumanne, ni safari ya Molo kuchukua viazi!

Alikuwa anageuza lori kutoka uani alipoona wanawake wawili wamesimama katikati ya lango. Mmoja alikuwa mnene, ameshika kapu. Wa pili alikuwa mrefu, buibui limemkaa kama lilishonwa akiwa amelivaa, na macho yale Hemed angeyatambua hata usingizini.

Alikanyaga breki.

"Hemed," yule mnene akaita, "unaenda Molo?"

"Shikamoo, Bi Safiyo. Naenda."

"Marahaba. Binti yangu amejifungua huko. Tupeleke."

Hemed alimtazama Gelle, na Gelle akatazama mawingu. Hapo akaelewa kwamba mambo yamepangwa na kila mtu isipokuwa yeye.

Bi Safiyo alipanda kwanza, akakaa katikati na kujaza nafasi yote. Kuluthum, mtoto wa kaka yake, akakaa dirishani. Hakumsalimia Hemed. Hata kumtazama hakumtazama. Lakini harufu ya karafuu na ya nguo iliyofukizwa ilivuka kifua cha shangazi mtu ikamfikia dereva, na gia ya kwanza ikalia vibaya.

Miezi minane iliyopita posa yake ilikubaliwa kwa kina Kuluthum. Mwezi mmoja baadaye, akiwa kitandani hospitalini, alimwandikia baba yake Kuluthum barua ya kuiondoa. Hakusema kwa nini, na wachache waliojua ugonjwa wake, Gelle akiwa mmoja, aliwaapisha wanyamaze.

Walipita reli, wakashika njia ya Njoro. Jua lilikuwa limekaa juu ya mashamba ya ngano, na upepo ulipita juu yake kama mkono juu ya manyoya ya paka. Walipoipita Njoro, Kuluthum alisema, macho mbele kiooni:

"Shangazi, muulize dereva kama njia ya Nairobi ni nzuri kuliko hii."

"Hemed, unaulizwa kama njia ya Nairobi ni nzuri kuliko hii."

"Nimesikia, Bi Safiyo. Mwambie nilienda kwa gari moshi."

"Alienda kwa gari moshi."

"Muulize huyo mwanamke wake wa Pumwani hupika nini."

"Mwanamke gani?" Hemed alishtuka.

"Anauliza mwanamke gani."

"Mwambie yule mweupe, mwenye jino la dhahabu. Bondeni nzima wanamjua, ila yeye."

Hemed alicheka, hakuweza kujizuia. "Jino la dhahabu! Bi Safiyo, mwambie aliyenipikia Pumwani miezi minne ni mjomba wangu, na huyo hana jino hata la mfupa. Alinipikia uji tu, kwa sababu ndicho chakula anachokiweza mwenyewe."

Bi Safiyo akafungua mdomo apeleke ujumbe, lakini Kuluthum alikuwa amegeuka. Kwa mara ya kwanza alimtazama Hemed usoni, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Barua ya mistari miwili!" alisema. "'Naondoa posa yangu. Mniwie radhi.' Baba aliisoma mbele ya wageni, Hemed. Mbele ya wageni! Ijumaa hii wanakuja watu wengine, wa Naivasha, na baba ameshawaambia waje, jibu watalipata. Nimemwomba siku tatu. Nimekuja nisikie kwa masikio yangu. Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu."

"Basi umechoka kunipenda?"

"Kuluthum..."

"Jibu! Ndiyo au siyo, nirudi nikaolewe Naivasha nipumzike!"

Na hapo, kabla Hemed hajajibu, kitu kikaunguruma. Kilianza chini kwa chini, kikapanda, kikamalizika kwa mlio mrefu uliosikika juu ya mashine ya lori.

Bi Safiyo akageuza kichwa. "Ni gia hiyo?"

Hemed alihisi damu yote imempanda masikioni. Angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na Bi Safiyo angeridhika, kwa kuwa magari yote kwake yalikuwa na mapepo. Lakini alikuwa amechoka kuficha. Kuficha ndiko kulikokaribia kumuua.

Akasogeza lori kando ya barabara, akazima.

"Si gia," alisema. "Ni mimi."

Akawaambia yote. Aliwaambia huku akitazama mikono yake usukanini: damu, gari moshi, daktari, kisu, mfuko. Aliwaambia kwamba hana amri tena juu ya mlio ule, unakuja ukitaka, hata msikitini, na kwamba sheikh alimwambia atawadhe kila wakati wa sala na asijisumbue, Mungu si mshtaki wala si askari. Aliwaambia kwamba maradhi hayo yanaweza kurudi. Daktari anataka kumwona kila baada ya miezi mitatu.

"Ndiyo maana niliandika barua," akamaliza. "Sikutaka ufiwe na mume ungali kijana. Sikutaka ufue vitambaa vyangu."

Kuluthum alifungua mlango, akashuka. Akaanza kutembea kurudi Njoro, haraka, buibui likipiga upepo.

"Mfuate," Bi Safiyo alisema, akitoa kitumbua kapuni. "Mimi nitalinda lori."

Hemed akashuka. Alitaka kukimbia lakini mwili ulimkatalia, ukamruhusu mwendo wa kuyumba tu kama wa bata, mkono mmoja umeshika ubavu. "Kuluthum! Ngoja! Kuluthum!"

Kuluthum alitazama nyuma. Alipomwona vile, ameinama, anahema, akasimama. Kisha akarudi yeye, kwa hatua ndefu za hasira.

"Usikimbie! Nani kakwambia ukimbie?"

"Wewe unaondoka."

"Naondoka kwa sababu nataka kukupiga, na siwezi kumpiga mtu mwenye kidonda!" Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Ulimwandikia baba. Baba ndiye alikuwa anaolewa? Miezi saba, Hemed, kila Jumatatu nimepita kwa Gelle nikijidai naenda sokoni, nione lori lako linaendeshwa na nani. Miezi saba nimemchukia mwanamke mwenye jino la dhahabu, kumbe hayupo! Usingizi wangu nani atanilipa?"

"Niliona nitakuwa mzigo kwako."

"Uliona wewe. Mimi hukuniuliza."

"Inaweza kurudi, Kuluthum."

"Mume wa kwanza wa shangazi alikuwa mzima kama jiwe. Alipigwa na radi Subukia, ana miaka ishirini na minne, walikuwa na miezi mitano ya ndoa. Muulize kama anajuta ile mitano."

Gari la wazungu lilipita, likawafunika vumbi, wakabaki wamesimama humo wakipepesa macho.

"Inauma?" Kuluthum aliuliza, sauti sasa imeshuka.

"Zamani. Sasa hapana."

"Unakula nini?"

"Karibu kila kitu, polepole. Maharagwe na kabichi naviogopa. Vinaniimbisha."

Kuluthum alijaribu asicheke. Akauma mdomo. "Nani anakufulia?"

"Mwenyewe."

"Na usiku unalalia upande gani?"

"Wa kulia." Hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote, hata daktari.

Kuluthum aliinua mkono. Aliupeleka taratibu mpaka karibu na koti lake, upande wa kushoto, mahali mkanda ulipopita. Ukasimama hapo, umbali wa upana wa kidole, haugusi. Hemed alihisi joto lake kupitia kitambaa, au alidhani amelihisi.

"Bado si halali," alisema Kuluthum, akaurudisha mkono wake ndani ya buibui.

Neno lile, *bado*, lilimwingia Hemed kama chai ya moto asubuhi ya baridi.

Na ubavu wake, usiojua adabu, ukaunguruma tena.

Walitazamana. Kuluthum ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika magoti, akacheka mpaka Bi Safiyo akatoa kichwa dirishani kuona kama kuna msiba. "Umesema nini?" aliuliza akipangusa macho. "Huo, umesema nini?"

"Umesema una njaa."

"Basi twende Molo ukale!"

Baada ya Elburgon baridi iliwapokea, na ukungu ukining'inia kwenye misunobari. Kuluthum aliuliza kila kitu, moja kwa moja, bila kumtuma shangazi. Aliuliza majina ya vilima, maana ya mishale ya vipimo mbele ya usukani, na kama manesi wa Nairobi ni wazuri. Hemed alijibu yote, na hilo la mwisho akalijibu kwa tahadhari. Aliendesha kama mtu aliyeazimwa mikono mipya. Kila kona ilimjia kwa wakati wake, na alipobadilisha gia mlimani lori lilipanda likiguna kwa raha.

Shambani Molo walipokewa na Kosgei, karani, aliyevaa makoti mawili, moja juu ya jingine.

"Hemed! Wewe iko hai!" Kosgei alimshika mkono akautikisa asiuachie. "Miezi saba sioni wewe, mimi nafikiri wewe nakufa! Hapana, hapana, wacha gunia. Gelle natuma neno kwa simu ya stesheni. Nasema ukigusa gunia, mimi nafukuza wewe."

Basi Hemed akakaa juu ya kreti, kwa mara ya kwanza maishani, akitazama wengine wakipakia. Mke wa Kosgei akaleta sufuria. Viazi vilikuwa vimechemshwa na maganda yake, vimepasuka, vinatoa moshi. Pembeni siagi ya nyumbani na chumvi ya mawe. Na chai, maziwa matupu yaliyotiwa majani kidogo.

Hemed alimenya kimoja kikimchoma vidole. Akatia siagi, akaitazama ikiyeyuka. Alipouma, alifumba macho.

"Mtazame," Kuluthum alimnong'oneza shangazi yake. "Kama anasali."

"Nimekula viazi vya Molo miaka kumi," Hemed alisema, mdomo umejaa, "na sijawahi kuvionja hata siku moja. Nilikuwa navimeza tu."

Kuluthum alimmenyea cha pili. Hakumpa mkononi, alikiweka kwenye kifuniko cha sufuria kati yao, naye akakichukua hapo. Cha tatu vilevile. Vidole vyao vilifuatana kwenye kile kifuniko bila kukutana, na Hemed akaona kwamba hajawahi kulishwa vizuri namna hiyo.

Kuluthum alipoondoka kwenda kurudisha vikombe, Bi Safiyo alivuta kreti karibu.

"Sasa mimi nina swali, na mama yake hayupo duniani wa kuliuliza. Usinionee haya. Huko kote walikokukata, mume bado yumo?"

Hemed alikaribia kupaliwa na chai. Akaweka kikombe chini. "Daktari alisema yumo, Bi Safiyo. Alisema nivumilie. Mimi mwenyewe... asubuhi nyingine naona daktari hakusema uongo. Zaidi ya hapo sijui. Sitakudanganya."

Bi Safiyo akamsogezea kikombe chake. "Ungejibu kwa majigambo ningejua wewe ni mwongo," alisema. "Na huyo binti yangu aliyejifungua, tutamwona siku nyingine. Mtoto mwenyewe ana miezi sita."

Waliteremka na gunia arobaini nyuma yao na jua mbavuni. Walipofika Nakuru watu walikuwa wanatoka sala ya alasiri. Hemed alitaka kuwashusha kona, kama heshima inavyotaka. Kuluthum alikataa.

"Mpaka mlangoni," alisema. "Tusifichefiche tena."

Mzee Darweshi, baba yake, muuza nyama, mtu aliyepima maneno kama alivyopima maini, alikuwa amekaa barazani. Aliliona lori. Akamwona dada yake akishuka, kisha binti yake, kisha Hemed.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Darweshi hakuitikia. "Uliniandikia barua," alisema.

"Niliandika, mzee. Nimekuja kuifuta."

Akamweleza pale pale barazani, kwa sauti ya kawaida, majirani wanaotaka kusikia wakisikia. Hakuruka mfuko. Hakuruka kwamba maradhi yanaweza kurudi. Alipomaliza, mzee alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Mgonjwa hachumbii binti wa watu," alisema.

"Nilikuwa mgonjwa, mzee. Leo nimetoka Molo na kurudi."

"Na madaktari wamekupa muda gani?"

"Hawakunipa muda. Wamenipa tarehe ya kurudi kupimwa. Nikitoka hapo watanipa nyingine."

"Na binti yangu akae akihesabu hizo tarehe?"

"Nitazihesabu, baba," Kuluthum alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, mgongo umenyooka. "Wewe ulimhesabia mama siku zake, miezi kumi na mmoja, kitandani. Ulimchana nywele mwenyewe. Nilikuona. Mtu alikwambia umwache?"

Mzee Darweshi aliinamisha kichwa. Mkono wake ulipita juu ya ndevu zake mara moja, mara ya pili.

"Watu wa Naivasha wanakuja Ijumaa," mzee alisema mwishowe. "Nimewapa neno kwamba watasikilizwa. Sivunji neno langu."

"Sikuombi ulivunje, mzee," Hemed alisema.

"Wanakuja baada ya sala ya Ijumaa, saa nane." Mzee akainuka, akaegemea fimbo, akamtazama Hemed kuanzia kofia mpaka viatu, na macho yake hayakukwepa ule upande wa kushoto wa koti. "Una wazee?"

"Nina mjomba Pumwani. Nitampigia telegramu kesho asubuhi. Gari moshi la Alhamisi litamfikisha."

"Basi mlete. Mje tuongee upya kama watu."

"Tuje saa ngapi, mzee?"

Mzee Darweshi alikuwa ameshavuka kizingiti. Alimpita binti yake mlangoni bila kumtazama, lakini kiganja chake kilitua kichwani mwake, kikakaa hapo kidogo.

"Kabla yao," alisema.